Maji Hayakunipeleka

Anuar wa hoteli alikuja kwetu Kiwengwa kavaa viatu vyeupe. Ilikuwa katikati ya masika, njia yote tope, na yeye anatoka kwenye gari anaruka madimbwi kwa ncha za vidole kama kuku. Mtu anayekuja kuzungumza na wakulima wa mwani na viatu vyeupe mimi simpi masikio yote mawili. Nilimpa moja, nalo kwa adabu ya sheha tu.

Tulikusanywa barazani kwa mkubwa wa kijiji, sheha wetu Bwana Msabah, wanawake tupatao thelathini. Anuar ni afisa uhusiano wa hoteli kubwa iliyokaa baina ya kijiji na pwani yetu. Kazi yake, kwa nilivyoifahamu mimi, ni kutabasamu. Alitabasamu, akasema mwaka huu hoteli inadhamini mbio za marathoni za mjini na wangependa sana wanawake wa mwani washiriki. Tutapewa fulana zenye jina la hoteli na tutapigwa picha. Hatulazimiki kumaliza, alisema, wala hakuna anayetegemea hivyo. Tutakimbia kidogo, mpaka Mtoni hivi, nje tu ya mji, halafu gari litatuchukua, na juisi itakuwepo.

Mimi juisi sina ugomvi nayo. Kilichoniuma ni hilo neno kidogo, na namna alivyolisema, kama mtu anayempimia mtoto dawa.

Sasa msomaji ajue habari ya njia. Kabla hoteli haijajenga ukuta, tulikuwa na kichochoro cha kutoka kijijini moja kwa moja hadi baharini. Mama yangu alikipita, na bibi yangu kabla yake. Hoteli ikaja, ikajenga, ikaweka geti mwisho wa kichochoro, na geti likatiwa kufuli. Kuanzia hapo tunauzunguka ukuta mzima na magunia ya mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yanatuchuruzika shingoni, karibu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Miaka miwili tulikuwa tunaomba lifunguliwe. Jibu lilikuwa lile lile, usalama wa wageni. Mpaka leo nnamtafuta huyo mgeni aliyewahi kudhuriwa na mwanamke mwenye gunia la mwani.

Nikasimama. Mimi ni Sichana binti Mcha, nina miaka arobaini na sita, watoto wanne, na ulimi. Watoto nimewapata kwa mume wangu Kheir, ulimi nimeunoa mwenyewe. Nikasema, "Fungueni geti, fulana zenu tutavaa hata mbili mbili."

Anuar akacheka. "Bi Sichana, mmoja wenu tu akimaliza kilomita zote arobaini na mbili, geti nalifungua mimi kwa mkono wangu huu."

Watu wakacheka. Hata wanawake wenzangu wakacheka, wale wale wenye shingo zilizochubuka kwa chumvi. Sheha Msabah hakucheka kwa sababu alikuwa anaandika. Yule mzee huandika kila kitu, nani kapata mgeni, mbuzi wa nani kavunja ua wa nani, mvua imeanza saa ngapi. Akamaliza, akamsogezea Anuar daftari na kalamu, na Anuar akatia sahihi huku bado anacheka, maana ni mtu anayependa kuiona sahihi yake.

Tulijiandikisha watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili Wanu, kijana, mwembamba, aliyekuwa akitafuta sababu yoyote ya kutoka nyumbani kwa mama mkwe wake. Wa tatu Duni, jirani yangu, ambaye hata kwenda dukani hutafuta mtu wa kumtuma. Duni alitaka fulana, na kwa haki yake alisema hivyo tangu siku ya kwanza.

Hoteli ikatuletea mwalimu wa mbio. Shamsi jina lake, kiongozi wa kikundi cha mazoezi huko Michenzani, na alikuja na filimbi shingoni na karatasi iliyochapwa. Jumatatu kilomita sita, Jumatano nane, Ijumaa kupumzika, Jumapili kumi na mbili. Nikamuuliza, "Na bamvua je?"

Akaniuliza bamvua inaingiaje kwenye mbio. Mtu kazaliwa kisiwani, kazungukwa na maji pande zote, hajui kwamba mkulima wa mwani hana Jumatatu wala Jumatano. Sisi tuna mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, bahari inakupwa mbali kabisa, mashamba yetu yanabaki wazi, na siku hizo tunainama kwenye kamba tokea asubuhi mpaka mgongo ukatae. Baina ya bamvua na bamvua ni maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, mashamba hayafikiki, na ndizo siku zetu za kufua, kusuka ukili wa mikeka na kusengenya. Nikamwambia Shamsi nitakimbia maji mafu na nitafanya kazi bamvua, na karatasi yake aipe kuku. Alikimbia na sisi mara moja. Tukawa tunamngoja. Mara ya pili alisimama na filimbi, mara ya tatu alipiga simu, na hiyo ikawa habari ya mwalimu wetu.

Raba nazo zilitoka hoteli, kutoka kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa na wageni. Zangu zilikuwa za mwanamke mwenye miguu ya ngamia. Nilizijaza matambara mbele, nikavaa suruali ya Kheir chini ya gauni, nikafunga ushungi ukakaza, na siku ya kwanza ya maji mafu, baada ya sala ya alfajiri, nikateremka pwani.

Hapo sitajidharau, maana pwani nilikimbia vizuri. Maji mafu hukupwa alfajiri, mchanga ukawa mgumu, halafu yakaanza kujaa jua likipanda. Na mahoteli, si letu peke yake, yamesogeza kuta zao hadi mchangani, kiasi kwamba hata maji mafu yakijaa yanapiga ukutani na njia inakatika. Ukichelewa kurudi utabaki upande wa pili mpaka mchana, umesimama kwenye miamba, unachekwa na wazungu waliolala kwenye vitanda vyao vya kuotea jua. Kwa hiyo unakimbia. Hakuna mjadala. Unasikia maji nyuma na ubavuni, hayana haraka wala hasira, yanakuja tu, na miguu inajua la kufanya. Mwezi wa kwanza nilikwenda mpaka Pwani Mchangani na kurudi. Mwezi wa tatu nilikuwa nafika Matemwe na kurudi kabla maji hayajagusa ukuta wa kwanza. Wanu alikuwa akikata tamaa njiani na Duni hakuwa akianza, lakini mimi nilikuwa narudi nyumbani natema maneno kwa kila niliyemkuta bado analala.

Siku moja Shamsi akapiga simu, akasema jambo moja la maana maishani mwake. Mbio ni za lami, alisema, jaribu lami.

Nikajaribu. Nilitoka nyumbani na kuishika barabara ya Kinyasini. Sikuwa na jiwe kwenye raba, pumzi ilikuwa sawa, mguu hauumi. Nikafika kwenye kalvati moja, nikatazama ule ukingo wake wa saruji, na nikakaa.

Nilikaa tu. Hakuna kilichonikalisha. Akapita mzee na baiskeli kapakia mihogo, akaniuliza, "Unaumwa, mama?"

"Siumwi."

"Umepotea?"

"Sikupotea."

Akanitazama kama ninavyowatazama mimi watu, na akaenda zake.

Ndipo nilipousikia ulimi wangu. Miaka yote hiyo nimewasema watu, nimemsema mume, sheha, mawifi, mkwe wa Wanu, na siku ile pale kwenye kalvati ulimi uligeuka ukaanza na mimi. Nani kakwambia wewe mkimbiaji? Raba zenyewe za mtu. Suruali ya mume. Mwanamke mzima, mwenye mtoto wa kuozesha, unakimbia barabarani ili uonekane nani? Pwani ulikuwa unakimbia kwa sababu ya maji, si kwa sababu yako. Hapa hakuna maji. Kaa, pumzika, umejitahidi, hakuna atakayekulaumu. Sijawahi kusikia mtu anasemwa vizuri namna ile, na aliyekuwa akisemwa ni mimi.

Nilirudi kwa gari, na nikamwambia Kheir mguu umeteguka. Nilimdanganya. Wiki ile nikajaribu tena na nikakaa kabla ya kalvati, kwenye kibaraza cha duka. Mara ya tatu sikulifikia duka. Kila nikijaribu, lami inazidi kuwa fupi, na niseme wazi kwamba niliogopa. Mwanamke ambaye hajamwogopa sheha wala mkwe nilikuwa naogopa barabara kavu isiyokuwa na kitu.

Baadaye Wanu akajitoa, mumewe hakuridhika, na aliyemwambia mumewe asiridhike tunamjua. Duni akajitoa siku fulana zilipoletwa. "Mimi nshapata nilichokitaka," alisema, na akaivaa kwenda nayo shambani. Nikabaki peke yangu. Na wale wanawake wengine, nilipopita na gunia, wakaanza kunipoza. Wakasema kuzunguka ukuta wameshazoea, nisijisumbue, na hata matembezi yenyewe yana faida kwa afya. Huruma ya watu wa kwetu inanuka kuliko mwani uliooza.

Kheir yeye alisema, "Waachie vijana." Kheir hajawahi kukimbia hata mvua. Lakini usiku ule nililala nikiwaza kwamba pengine kwa mara moja amepata.

Kesho yake nikaenda kwa sheha. "Shikamoo, sheha. Nlikuwa naomba jina langu ulifute."

"Marahaba. Jina gani?"

"Langu. Kwenye habari ya geti."

Akachukua daftari, akafunua taratibu mpaka ukurasa wenyewe, akausoma wote kimoyomoyo kana kwamba si yeye aliyeuandika. Akafunga. "Bi Sichana, mimi naandika. Kufuta sijui. Ukitaka ntaongeza hapa chini kwamba umeshindwa, lakini itabidi unambie umeshindwa tarehe ngapi."

"Sijashindwa bado."

"Basi sina cha kuandika," akasema, na akaniuliza kama nyumbani tumepata mgeni wiki hii.

Nilitoka nikimlaani mzee yule hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwangu.

Siku ya mbio ilifika. Tulianzia Forodhani, saa kumi na mbili asubuhi, na kama kuna mahali ambapo Mwenyezi Mungu amewakusanya watu wanaojipenda, ni pale. Vikundi vya mazoezi kutoka kila mtaa, sare za rangi, wanaruka na kuimba na kupiga makofi, wamejichosha kabla ya kuanza. Shamsi alikuwemo, na filimbi. Wazungu wamejifunga vichupa viunoni. Wakenya wanne au watano, wembamba, wamenyamaza, hao nikawaheshimu kwa muda wa kupiga chafya, maana ndio muda niliowaona. Anuar alinipiga picha tatu na fulana ya hoteli. Baadaye akamgeukia dereva wa lile gari linalofuata nyuma kuwaokota walioshindwa, akamwambia mbele yangu, "Hawa utawaokota Mtoni, Yussuf. Mapema tu, halafu tukapate chai."

Hawa, anasema, na tuliobaki ni mimi peke yangu.

Sikuwa na mbio za kusimulia kwa huko mwanzo. Tulipita Michenzani, watu wamejaa kwenye roshani za majumba marefu na vikombe vya chai mkononi, na robo ya wanavikundi waliishia hapo hapo, wakapiga picha na kwenda kula. Mtoni nikaikuta meza ya juisi chini ya mwavuli wa hoteli, na msichana kaninyooshea gilasi huku anatazama nyuma yangu akitafuta gari. Nikanywa, nikamrudishia gilasi, nikaendelea. Nikapita Bububu. Kule Mahonda ndiko kwenye kugeukia, kijana kakaa kwenye kiti na pipa la rangi mbele yake, akanichora mstari mkononi kuonesha nimefika. Nilipogeuka nikaona kwamba mbele yangu hakuna mtu na nyuma yangu hakuna mtu. Nilikuwa wa mwisho, na jua lilikuwa limeshapanda.

Kurudi, lami ilikuwa inawaka. Ulimi nao ulikuwa umeamka, na ulikuwa na mengi. Nikajitahidi kuujibu, na hilo ndilo kosa, maana sijawahi kumshinda mtu kwa kubishana nikiwa nimekosa pumzi, sembuse kujishinda mimi. Nilipofika Bububu niliona ukuta mfupi mbele ya nyumba, una kivuli, una urefu sawasawa na makalio yangu. Nikakaa.

Gari la Yussuf likatokea, polepole, taa zinawaka mchana. Likasimama. Kioo kikateremka na uso wa Anuar ukachomoza, na ubaridi wa ndani ukanipiga.

"Panda, mama. Umejitahidi sana. Hakuna atakayekulaumu."

Nilimtazama. Yalikuwa maneno yale yale. Yale niliyoambiwa kwenye kalvati, neno kwa neno, na mimi miezi yote nilidhani ni ulimi wangu unaonisema, ule niliounoa kwa miaka, ninaojivunia. Kumbe ulimi wangu ulipofika kwangu ulizungumza kama Anuar. Nimewasema watu wa nchi hii kwa maneno ya kuchoma mpaka wakabadili njia, halafu mwenyewe nikajikalisha chini kwa maneno ya afisa uhusiano. Sijapata kuona haya kama nilivyoona pale.

Nikasimama. "Ondoa gari lako kwenye kivuli changu," nikamwambia, na nikaanza kwenda.

Gari likanifuata. Sheria ya mbio ndivyo ilivyokuwa, libaki nyuma ya mtu wa mwisho. Nikasikia injini mgongoni, inanguruma kidogo kidogo, haina haraka wala hasira, inakuja tu. Na miguu yangu, nawaambia, ikaitambua. Ilikuwa ni maji. Maji yamenifuata mpaka kwenye lami, yana magurudumu manne na ndani yake mmekaa mpumbavu mwenye viatu vyeupe. Magoti yalikuwa yanauma na raba zimenichubua visigino, lakini hakukuwa na mjadala tena. Kila gari likinguruma mimi nasogea. Hivyo hivyo tukapita yale magofu ya jumba la sultani, tukafika Mtoni, na meza ya juisi ilikuwa imeshaondolewa. Nikafurahi, na nikajiambia, kumbe dawa ndiyo hii, Sichana ni wa kuswagwa kama ng'ombe.

Nilikuwa bado nafurahi pale Anuar alipoona njaa. Nilimsikia akimwambia Yussuf, "Mpite. Huyu atajikalia mwenyewe, tutakuja kumchukua tukishakula." Gari likanipita. Likazima taa za hatari, likakata kona, likapotea.

Barabara ikafunguliwa kwa magari. Vespa, malori, watu wanarudi sokoni na mifuko, na mimi katikati yao na nambari kifuani kama kichaa aliyetoroka. Nyuma yangu hakuna kitu. Hakuna maji, hakuna gari, hakuna anayeangalia. Kulikuwa na ukingo wa msingi mkavu pembeni, mrefu kabisa, ningeweza kuuchagua mahali popote. Ulimi ukasema taratibu, na safari hii kwa sauti ya Anuar waziwazi, unaona, ulikuwa ni wa kufukuzwa tu, na sasa hakuna wa kukufukuza.

Nilipunguza mwendo. Nikawa natembea. Nikawaza pwani, kwa sababu nilikuwa naitamani, mchanga wake na baridi yake. Nikaziwaza zile alfajiri, maji yamekupwa, yako mbali huko, yamelala, hata sauti hayana. Na mimi nateremka kutoka nyumbani, Kheir anakoroma, hakuna aliyenituma, nageuza uso kaskazini na naanza. Maji yanaanza kujaa nikiwa nimeshafika Matemwe. Maji yalikuwa yananirudisha. Kunipeleka hayakuwahi kunipeleka hata siku moja.

Jambo dogo kama hilo, na nililipita miezi mitano bila ya kuliona, mimi ninayeona kasoro ya kila mtu. Nusu ya kila safari nilikuwa nimeikimbia mwenyewe, pakavu, bila ya kitu nyuma. Sikufanya mahesabu mengine. Nilikaza ushungi na nikaanza tena kukimbia, kama kukimbia ni kule, maana mzee mmoja mwenye fimbo alikwenda sambamba na mimi kitambo kizuri kabla hajaingia msikitini.

Michenzani kwenye roshani hakukuwa na mtu, walikuwa ndani wanakula. Darajani nililazimika kungoja lori lishushe vitunguu. Forodhani nilipofika, lile tao la upepo la kumalizia lilikuwa limeshalazwa chini na vijana wawili wanalikanyaga litoke hewa. Nikapita juu yake. Mmoja wao akataka kunigombeza, akaiona nambari, akaziba mdomo kwa kiganja.

Pembeni, kwenye ukingo wa bustani, alikuwa amekaa sheha Msabah na daftari gotini. Katoka Kiwengwa na gari la asubuhi, hakuniambia, na sidhani kama alimwambia mkewe.

"Umemaliza?" akauliza.

"Naam."

"Yote?"

Nikamwonesha mstari wa rangi mkononi. Akauangalia kwa miwani na bila ya miwani, akatazama saa yake, akaandika saa saba na dakika kumi na moja mchana. Kisha akanishika mkono tukaenda mpaka kwenye meza ya wadhamini, ambako Anuar alikuwa kwenye sahani ya pili ya biriani.

Anuar alisimama, akatabasamu, akasema kwa kweli ni jambo kubwa, lakini muda rasmi wa mbio ulikuwa umekwisha, na sijui kamati, na sijui utaratibu. Sheha hakubishana naye. Alifungua daftari ule ukurasa, akaliweka mezani karibu na biriani, akaweka kidole kwenye sahihi. Wapiga picha wa magazeti walikuwa bado wapo wanakula. Mmoja akasogea kuangalia kuna nini. Anuar akaukumbuka mkono wake, akanipa.

Bamvua iliyofuata geti lilifunguliwa. Alikuja na kamera, na alivaa viatu vile vile, sijui hana vyengine au anavipenda. Akageuza ufunguo kwa mkono wake kama alivyoahidi. Wa kwanza kupita alikuwa Duni, na fulana ya hoteli, anapunga mkono kama yeye ndiye aliyekimbia. Wakafuata wengine, wale waliosema wameshazoea kuzunguka, na niliwahesabu wote thelathini, hakuna hata mmoja aliyekumbuka faida za matembezi. Baada ya saa nne tulirudi na magunia. Anuar alikuwa bado amesimama getini akingoja picha nzuri. Nilipofika kwake nikasimama kumsalimia, nikamuuliza hali na habari za nyumbani na za wazee mmoja mmoja, na muda wote huo gunia langu lilikuwa linachuruzika. Nilipoondoka, viatu vilikuwa na rangi ya mwani.

"Mwakani tena, Bi Sichana?" akaniita, sauti imekwaruza kidogo.

"Mwakani uje na miguu," nikamjibu.

Maji mafu yalipoingia, niliamka alfajiri, nikasali, nikaanza kufunga raba. Kheir akainua kichwa kwenye mto wake.

"Unakwenda wapi? Geti si lishafunguliwa?"

"Matemwe."

"Kuna nini Matemwe?"

Nikafikiri. Nilikuwa na majibu kama manne ya kumfanya alale tena kwa hasira, na yote yalikuwa mazuri.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nnakwenda."